Volti, ampere, omu na wati: hesabu ya umeme kwa mwenye resho na fili ndefu

Kwetu hapa Fungurume umeme unafika jikoni kwa njia ndefu. Kontere iko katika parseli ya baba mdogo, pale kwenye avenyu. Kutoka pale fili inapita juu ya ukuta, inakatiza parseli ya jirani, ndipo inaingia kwetu. Jumla mita 60. Katikati kuna kiungo, kwa sababu fili tuliyonunua ilikuwa fupi na tukaongeza kipande kingine. Tulizisokota pamoja, tukazungusha skochi nyeusi, tukasema kazi imeisha. Nasema "tulizisokota", lakini ukweli ni mimi mwenyewe nilizisokota.

Jioni moja mama mkubwa alikuwa anapika maharagi ku resho. Aliniita: "Mwanangu, haya maharagi leo yamegoma, na kuna kitu kinanuka plastiki." Tulitafuta harufu mpaka kwenye kile kiungo. Skochi ilikuwa imelainika kama ubani wa kutafuna, ukuta nyuma yake umekuwa mweusi. Na dijonkteri? Haikuanguka hata mara moja. Hilo njo lilinisumbua. Kitu kinataka kuwasha nyumba, na chombo tulichokiweka kwa ajili ya kutulinda kinanyamaza tu.

Fundi wa umeme wa kartie alifika kesho yake asubuhi. Nilitaka akate kile kiungo mara moja. Akasema: "Ngoja kwanza, ndugu. Tupime, halafu tukate." Alichukua kipande cha karton, akaandika namba tano sita, akapiga hesabu ya darasa la sekondari, na akanionyesha moto ulikuwa unatoka wapi. Hesabu yenyewe ni kugawanya na kuzidisha tu. Niliisoma shuleni, nikaisahau, kama wengi wetu. Wasikilizaji wetu mara kwa mara wanalalamika juu ya umeme "usiokuwa na nguvu", kwa hiyo naiandika hapa pamoja na zile namba za kwenye karton.

Maneno manne kwanza

Volti ni msukumo. Ampere ni wingi wa umeme unaopita ndani ya fili. Omu ni ugumu wa njia, yaani namna fili, resho au ampuli inavyozuia umeme usipite. Wati ni kazi inayofanyika: joto, mwanga, mota inayozunguka.

Waza tanki ya maji iliyo juu ya mnara. Urefu wa mnara njo volti. Maji yanayotoka bombani njo ampere. Bomba likiwa jembamba au limeziba na mchanga, hiyo ni omu. Mfano huu haufiki mbali sana lakini unatosha kwa kuanzia.

Shuleni tunaandika U kwa volti, I kwa ampere, R kwa omu, P kwa wati. Hesabu mbili za kushika ni hizi:

R = U ÷ I
P = U × I

Ya kwanza inatokana na kazi ya Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyeitoa katika kitabu mwaka 1827. Watu wa wakati wake hawakuipokea vizuri mara moja. Ya pili inasema ukiwa na msukumo na wingi, unapata kazi. Ukiziunganisha hizo mbili unapata ya tatu, nayo njo ya hatari: P = R × I × I. Ampere zinahesabiwa mara mbili. Tutairudia.

Chukua resho ya mama mkubwa. Chini yake kuna kibandiko: 220 V, 1500 W. Ampere zake ni 1.500 ÷ 220, yaani 6,8. Omu zake ni 220 ÷ 6,8, karibu 32. Hizi omu 32 hazibadiliki sana, kwa sababu ule waya uliosokotwa ndani ya resho umetengenezwa kwa madini yasiyobadilisha tabia sana yakipata moto. Ampuli ya zamani, ile ya waya mwembamba ndani ya kioo, ni tofauti: ikiwa baridi omu zake ni ndogo sana, zinapanda ikiwaka. Njo maana nyingi zinakufa palepale unapobonyeza swichi, umeme mwingi unaingia kwa ghafla.

Namba za kwenye karton

Fundi alianza na priza ya jikoni bila kitu chochote kimechomekwa. Multimetre ilionyesha volti 214. Kisha akawasha resho na kupima tena palepale: volti 192. Kwa pensi ya ampere, ile inayofungwa kuzunguka fili moja bila kuikata, akapata ampere 6.

Sasa hesabu. Kazi ya resho: 192 × 6 = wati 1.152. Resho iliyoandikwa 1.500 ilikuwa inatoa 1.152 tu. Mama mkubwa alikuwa na haki kulaumu.

Na zile volti zilizopotea? 214 kutoa 192 ni 22. Volti hazipotei hewani. Zimeliwa na njia, yaani fili pamoja na kiungo. Ugumu wa njia ni 22 ÷ 6, karibu omu 3,7. Joto lililotoka njiani ni 22 × 6 = wati 132.

Hapo nilimwuliza: labda fili ya mita 60 inakula hivyo kwa kawaida? Akasema hapana, na hilo pia linahesabika. Shaba ya fili yenye unene wa milimita mraba 1 ina omu karibu 0,0175 kwa kila mita. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo mita 60 zinakuwa 120. Fili yetu ni ya 1,5. Tunazidisha 0,0175 kwa 120, tunagawanya kwa 1,5: omu 1,4. Tumepima 3,7. Omu 2,3 zilizobaki zimekaa wapi? Pale nilipozisokota.

Tumia sasa ile hesabu ya tatu. Omu 2,3 mara 6 mara 6 inatoa karibu wati 83. Fili yenyewe, omu 1,4, inatoa wati 50, lakini hizo 50 zimetawanyika katika mita 60, ukigusa fili unasikia ina vuguvugu kidogo tu. Wati 83 za kiungo zimekusanyika katika sentimita tatu, zimefungwa na skochi, zimeegemea ukuta. Ni kama kuweka chuma cha kuchomea madini ya bati, kile cha mafundi wa redio, ukakiacha kinawaka usiku kucha ndani ya kitambaa.

Na kadiri kiungo kinavyopata moto, shaba inapata kutu nyeusi, mshiko unalegea, omu zinapanda, joto linaongezeka. Kinajila chenyewe.

Njo hapa nilielewa ukimya wa dijonkteri. Dijonkteri yetu imeandikwa 16 A. Yenyewe inaangalia ampere tu. Kiungo kibaya hakiongezi ampere. Kinazipunguza, kwa sababu kimeongeza ugumu wa njia. Resho ingepaswa kuvuta zaidi ya 6, ilivuta 6. Kwa dijonkteri kila kitu kiko sawa. Inatukinga kama fili mbili zimegusana au kama tumechomeka vitu kupita kiasi, lakini kwa kiungo kilicholegea ni kipofu. Basi usijitulize ukisema "iko na dijonkteri". Shika fili kwa nje, pale ilipovikwa plastiki nzima, na priza na ralonji, resho ikiwa imewaka nusu saa. Ikiwa sehemu moja ina moto kuliko nyingine, kosa liko pale. Kama plastiki imechubuka au imeyeyuka usiguse, zima kwanza ku kontere.

Fundi alikata kile kipande, akasafisha shaba mpaka ing'ae, akaunganisha kwa domino yenye skrubu zilizokazwa vizuri, akaifungia ndani ya kisanduku. Tukapima tena: volti 204 resho ikiwa inawaka, ampere 6,4. Hiyo ni wati 1.300 na kidogo. Tumeongeza wati 150 kwenye sufuria bila kununua chochote zaidi ya domino moja.

Umeme ukiteremka jioni

Hadi hapa nilihesabu njia ya kwetu. Lakini kuna njia nyingine kabla ya kontere: kutoka kabini hadi mwisho wa avenyu. Nayo ina omu zake.

Tuseme, kwa mfano tu, fili ya avenyu ina omu 0,5 kwenda na kurudi. Saa nane mchana watu wako kazini, avenyu inavuta ampere 10. Volti zinazopotea ni 0,5 × 10 = 5, hakuna anayeona. Saa moja jioni kila mtu anapika, avenyu inavuta ampere 100. Zinapotea volti 50, anayekaa mwisho anabaki na 170. Ampere zimeongezeka mara kumi. Joto linalopotea ndani ya fili limetoka wati 50 hadi wati 5.000, mara mia. Kila fili mpya inayoning'inizwa bila mpango, kila parseli inayogawia nyingine tatu, inaongeza upande huo wa hesabu. Mimi mwenyewe nimo.

Sasa angalia volti zikishuka hadi 150. Resho yetu ya omu 32 itavuta 150 ÷ 32, yaani ampere 4,7. Kazi yake: 150 × 4,7, karibu wati 700. Volti zimeshuka chini kidogo ya theluthi moja, lakini joto la resho limepungua zaidi ya nusu. Ndiyo sababu maharagi hayachukui muda mara moja na nusu, yanachukua mara mbili na zaidi, na wakati huo sufuria nayo inapoteza joto lake pembeni. Wengi wanarudi ku makala, na sishangai.

Frigo ni mambo mengine. Ndani yake kuna mota, na mota haikubali kufanya kazi kidogo kwa sababu volti ni kidogo. Inajaribu kuzunguka, inashindwa kuanza, inavuta ampere nyingi, inapata moto. Resho kwenye volti 150 inachelewa tu. Frigo kwenye volti 150 inaweza kufa. (Kwa mota, kuzidisha volti na ampere kunatoa namba iliyo juu kidogo ya wati za kweli. Kwenye kibandiko mafundi wanaandika pia "cos φ", ni ya kusahihisha hilo. Kwa resho na pasi haina haja.)

Wenye uwezo wananunua stabilizatere. Mimi sina neno juu ya mtu anayelinda frigo yake. Ila tuhesabu. Vitu vya wati 500 kwenye volti 220 vinavuta ampere 2,3. Volti za avenyu zikiwa 150, stabilizatere inapandisha hadi 220 upande wa ndani, na wati ni zilezile 500. Zinatoka wapi? Inazivuta nje: 500 ÷ 150, ampere 3,3, bila kuhesabu zile inazokula yenyewe. Yaani wakati avenyu imechoka, stabilizatere inavuta zaidi. Ampere zaidi, volti zinashuka zaidi kwa wengine, na wao pia wananunua stabilizatere. Nyumba moja inaokoka, mwisho wa avenyu unaumia. Dawa ya kweli iko kwenye fili nene zaidi, kabini iliyo karibu, na mizigo iliyogawanywa vizuri kati ya fazi tatu, na hiyo ni kazi ya kuombwa kwa pamoja, mtu mmoja haiwezi.

Kwa nini pilone kubwa hazipati shida hii

Mtu atauliza: kama mita 60 zinakula volti 10, umeme wa Inga unafikaje Kolwezi? Inga iko kule Kongo Central, kwenye mto Kongo. Laini inayoleta umeme wake hadi Kolwezi ina urefu wa karibu kilometa 1.700 na ilimalizika mwaka 1982. Ilipangwa kubeba megawati 560, yaani wati milioni 560.

Jibu ni hesabu ileile, P = U × I. Wakati wati zimejulikana, ukipandisha volti unapunguza ampere, na ampere njo zinazochoma fili. Laini hiyo inafanya kazi kwa volti 500.000. Gawanya 560.000.000 kwa 500.000: ampere 1.120. Kama fili ya chanya na ya hasi zinashirikiana, kila moja inabeba 560. Jaribu sasa kuzipitisha kwa volti 220: ampere zaidi ya milioni mbili na nusu. Hakuna fili ya namna hiyo duniani. Umeme wa karibu nao, wa bwawa la Nzilo na la Nseke yaliyojengwa miaka ya 1950 kwenye Lualaba yetu, unasafiri pia kwa volti za juu, na unateremshwa hatua kwa hatua hadi kabini ya kartie.

Ndani ya viwanda vya shaba hesabu inageuka upande wa pili. Pale wanapotoa katode kwa umeme, kila beseni la asidi linatumia karibu volti 2 tu, chini ya batri ya gari, lakini ampere zinafika makumi ya maelfu, kwa sababu ni ampere zinazobandika shaba kwenye bamba, si volti. Kilo moja ya shaba inakula hapo karibu kilowati-saa 2. Ni sawa na resho ya mama mkubwa ikiwaka saa moja na nusu. Niliwaza hilo sana nikiona maroli ya katode yakipita barabarani usiku, na sisi gizani.

Kwa wenye pano na batri

Nipite haraka. Batri ya volti 12 ina msukumo mdogo, basi ampere zinakuwa nyingi. Televisheni ya wati 60 ni ampere 5, sawa. Resho ya wati 1.500 kupitia konvertisere ni 1.500 ÷ 12 = ampere 125. Fili zilizotoka na konvertisere ndogo haziwezi, batri pia haiwezi. Batri iliyoandikwa 100 Ah inashika, kwa volti 12, wati-saa 1.200, na zile za kawaida za risasi si vizuri kuzimaliza chini ya nusu. Zinabaki wati-saa 600: televisheni saa kumi, au resho dakika 24 kama ingewezekana.

Kupima, na kununua fili

Multimetre zinapatikana sokoni kwa bei ya watu. Kupima volti ni rahisi: kisahani kwenye V~, upande wa 600 au 750, ncha mbili kwenye priza, vidole mbali na chuma. Lakini kuna kosa linalochoma mikono: kuacha waya mwekundu kwenye tundu la 10A halafu kugusa priza. Kwa upande wa ampere multimetre haina karibu omu yoyote. Gawanya 220 kwa karibu sifuri, utaelewa mlipuko. Ampere zipimwe kwa pensi, au hesabu kutoka kibandiko cha chombo. Na omu hazipimwi kamwe kitu kikiwa kimechomekwa.

Kwa unene wa fili, mafundi wengi wanafuata desturi ya 1,5 kwa taa, 2,5 kwa priza, na 6 kwa kuzinia kubwa ya umeme. Kwa safari ndefu kama yetu inafaa kupanda: fili ya 4 ingeleta ile omu 1,4 chini hadi karibu 0,5.

Ila hakikisha ni shaba kweli. Tunakaa juu ya mukuba, lakini fili tunayonunua inatoka mbali, na kuna rola ambazo ni nyekundu kwa nje tu. Omba muuzaji akukatie ncha, kwaruza kwa kisu: ikitokea nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rola yake ni nyepesi mkononi. Kwa unene uleule na mita 60 zilezile, badala ya omu 1,4 utapita 2, kabla hujasokota kiungo hata kimoja.